Swali la Binti wa Kabazana: Kama Mwenyezi Mungu Alikuwa Anaona, Kwa Nini Hakuzuia?



Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu, makala hii tunaiandika kama mtu anayelipa deni. Deni lenyewe ni la swali lililoulizwa katika darsa yetu ya Jumamosi hapa Kabazana, kambini Nakivale, ambalo sisi tuliokuwa tumekaa mbele ya wanafunzi tulilijibu vibaya.

Siku hiyo tulikuwa tunasoma nguzo ya sita ya imani, yaani kuamini qadar, kheri yake na shari yake. Binti mmoja mdogo, aliyekuja na bibi yake kutoka Kongo, alinyoosha mkono akauliza: "Ustadhi, siku wale watu walipokuja kijijini kwetu, Mwenyezi Mungu alikuwa anaona?" Tukamwambia naam, Allah ni Mwenye kuona kila kitu. Akauliza tena: "Sasa kwa nini hakuwazuia?"

Darasa lote lilinyamaza. Nasi kwa haraka ya kulinda imani ya watoto tukamjibu: hayo ni majaaliwa, mwanangu, usiulize sana, maana kuuliza hivyo ni udhaifu wa imani. Binti akakaa chini. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya pili. Ya tatu akaja bibi yake peke yake, akatusalimia kwa adabu, kisha akasema: "Walimu wangu, mtoto hakuuliza kama Mungu yupo. Yeye anaswali usiku mimi nimelala. Aliuliza kwa sababu anamuamini. Nyinyi mmemwambia anyamaze."

Maneno ya mama yule hayakututoka. Tulirudi kwenye vitabu na kwenye historia, tukagundua kuwa swali la binti huyu lina umri mrefu kuliko sisi sote, na kwamba waliokuwa bora kuliko sisi hawakuliita udhaifu wa imani. Haya hapa ni machache tuliyoyapata.

Ardhi inayoliuliza swali hili

Nakivale si kambi ya jana. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Uganda yenyewe haijapata uhuru. Waliofika mwanzo ni Watutsi wa Rwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza 1959. Tangu hapo kila msiba wa nchi zinazotuzunguka umekuwa ukimwaga watu wake kando ya ziwa letu. Leo tuko zaidi ya laki moja. Kila mmoja wetu ana mwaka wake. Mnyarwanda atakutajia 1959 au 1994. Msomali atakutajia 1991, dola yake ilipoanguka. Mkongo atasema 1996 au 1998, na wengine mwaka wa juzi tu. Mrundi atasema 1993 au 2015. Ukiketi Kabazana, karibu na kituo wanapopokelewa wageni wapya, utamuona mama anashuka na sufuria moja na watoto wawili, na hutamuuliza wa tatu yuko wapi.

Lakini msidhani kuwa swali hili limeletwa na wakimbizi peke yao. Wenyeji wa Mbarara na Ankole nzima wanalijua. Idi Amin alichukua nchi Januari 1971. Septemba 1972 wapinzani wake waliingia kutoka Tanzania, wakaishambulia Mbarara wakashindwa, na baada ya hapo watu wengi wa Ankole wakauawa na askari wa serikali. Februari 1979, katika vita vya kumwondoa, mji wa Mbarara ukavunjwa kwa mizinga. Aprili mwaka huo Kampala ikaanguka. Kisha katikati ya mwaka huo huo Waislamu wa magharibi mwa Ankole, upande wa Bushenyi, wakalipiziwa kisasi na majirani zao. Makumi waliuawa, wanawake na watoto wakiwemo, nyumba na misikiti ikaharibiwa, na waliobaki wakayakimbia mashamba yao.

Hatuna budi kuyasema yote mawili. Amin alikuwa na jina la Kiislamu, na baadhi ya waliotesa watu kwa amri yake walikuwa na majina kama yetu. Na waliochinjwa Bushenyi walikuwa Waislamu masikini, wakulima na wachuuzi, ambao wengi wao hawakumkosea mtu. Mwaka 1982, mwezi wa Oktoba, ikawa zamu ya Wanyarwanda wa wilaya ya Mbarara. Makumi ya maelfu walifukuzwa kwenye nyumba zao. Wengine walivuka mpaka, na wengine wakasukumwa hadi kwenye kambi za wakimbizi, Nakivale ikiwa mojawapo. Baada ya 1994 wengi wa wakimbizi wa zamani wakarudi Rwanda, na wakati huo huo Wanyarwanda wengine wakaja kuwa wakimbizi.

Basi hii ni ardhi ambayo mdhulumiwa wa mwaka huu aweza kuwa jirani ya aliyemdhulumu mwaka jana, na wote wawili wanachota maji kwenye bomba moja. Katika ardhi kama hii huwezi kumwambia mtoto asiulize.

Omar ibn al-Khattab njiani kwenda Sham

Kisa cha kwanza kilichotufungua macho ni cha mwaka wa 18 Hijria, sawa na 639. Sayyidna Omar (R.A.) alitoka Madina kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, makamanda wake, akiwemo Abu Ubayda ibn al-Jarrah (R.A.), walimpokea na habari nzito, kwamba tauni imeingia Sham. Historia inaiita tauni ya Amwas.

Omar hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina wa mwanzo akawataka shauri, wakatofautiana. Akawaita Ansari, nao wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kiquraishi waliohama wakati wa kufunguliwa Makka, na hao kwa kauli moja wakamshauri arudi na watu wake. Akaamua kurudi. Hapo Abu Ubayda akamuuliza iweje Amiri wa Waumini akimbie qadar ya Allah. Omar, ambaye hakupenda kumpinga Abu Ubayda, akamjibu kwa maana ya kwamba naam, tunaikimbia qadar ya Allah kuelekea qadar nyingine ya Allah. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka kwenye bonde lenye pande mbili, moja lina majani na moja ni kavu. Popote atakapowalisha ngamia wake atakuwa ndani ya qadar. Je, atawapeleka kwenye ukavu kwa makusudi? Kisha akaja Abdurrahman ibn Awf (R.A.) na hadithi ya Mtume (S.A.W.), kwamba tauni ikiwa katika nchi msiingie, na ikiwakuta ndani yake msitoke kwa kuikimbia. Omar akamshukuru Allah, akarudi. Abu Ubayda alibaki na watu wake Sham, na tauni ile ikamuua.

Tuliposoma kisa hiki tuliwaza juu ya watu wetu. Wangapi hapa kambini wameambiwa kuwa kukimbia kwao ni kukimbia majaaliwa? Zuio la kutoka kwenye nchi ya tauni lina sababu yake, kwani anayetoka na maradhi huwapelekea wengine. Ama dhulma, hukumu yake ni nyingine. Sura An-Nisaa, aya ya 97, inawalaumu walioweza kuhama wakabaki chini ya dhulma na hali ardhi ya Allah ni pana, na aya inayofuata inawasamehe wanyonge wasio na njia, wanaume kwa wanawake na watoto. Mama aliyembeba mwanawe usiku akavuka mpaka hakuikataa qadar. Ameifanya kama Omar alivyofanya.

Kwa hiyo somo la kwanza ni kwamba kuamini qadar hakukuwahi kuwa na maana ya kukaa ukingoja upanga.

Watawala waliojificha nyuma ya qadar

Kisa cha pili ni cha Bani Umayya, waliotawala kuanzia mwaka wa 41 Hijria (661) hadi 132 (750). Baadhi ya watawala wa zama zile walimwaga damu na kuchukua mali za watu, na walipolaumiwa, walisema au walisemewa kuwa yote yalishaandikwa. Inasimuliwa kwamba watu walimwendea Al-Hasan al-Basri, mwanachuoni mkubwa wa Basra aliyefariki mwaka 110 Hijria (728), wakamweleza kuwa wafalme hawa wanaua Waislamu kisha wanasema vitendo vyao vinakwenda kwa qadar ya Allah. Naye akasema kuwa maadui hao wa Allah wamesema uongo.

Zama zile ndipo walipotokea watu kama Ma'bad al-Juhani na baadaye Ghaylan wa Dameski, ambao kwa kuwapinga wenye kisingizio hicho walifika mbali hata wakakanusha qadar yenyewe. Wote wawili waliuawa na watawala. Wanazuoni wa Ahlu Sunna walikataa kauli yao, kwa kuwa Muislamu hawezi kusema kuna jambo linalotokea nje ya elimu na uwezo wa Allah. Lakini wanazuoni hao hao hawakumpa dhalimu ruhusa ya kujificha. Waliweka kanuni ambayo kila mwanafunzi wa madrasa aijue: qadar ni hoja ya kumtuliza aliyefikwa na msiba. Haiwi kamwe kinga ya aliyeuleta msiba. Aliyefiwa aweza kusema mwenyewe, "Allah amekadiria." Muuaji hana haki ya kusema hivyo juu ya aliyemuua.

Tukajiuliza, sisi tulimsemea nani siku ile? Binti aliuliza juu ya watu waliokuja na mapanga. Tulipomjibu kwa neno moja la majaaliwa, bila kusema kwanza kuwa waliofanya vile ni madhalimu na watasimamishwa, tuliwasemea wao. Hatukukusudia, lakini ndivyo lilivyomfikia.

Ndugu watatu wa Basra

Baada ya hapo ukaja mjadala mkubwa wa Basra. Mu'tazila walishikilia kwamba Allah ni Muadilifu, na kwamba uadilifu huo unamlazimu kuwafanyia waja lililo bora kwao. Bwana mkubwa wao alikuwa Abu Ali al-Jubba'i, aliyefariki 303 Hijria (915), na mwanafunzi wake alikuwa Abul Hasan al-Ash'ari, aliyefariki 324 (936).

Inasimuliwa kuwa siku moja mwanafunzi alimuuliza mwalimu wake juu ya ndugu watatu: mmoja alikua akawa mtiifu, mmoja alikua akawa muasi, na mmoja alikufa mtoto. Mwalimu akajibu kuwa wa kwanza ana daraja peponi, wa pili yuko motoni, na wa tatu amesalimika lakini hana daraja ya wa kwanza. Je, akisema yule mtoto: Mola wangu, ungeniacha nikue nami nikapata daraja ile? Mwalimu akajibu kuwa ataambiwa: nilijua ungekua ungeasi, basi bora kwako ilikuwa kufa mdogo. Hapo mwanafunzi akauliza: na yule muasi akipiga kelele kutoka motoni, Mola wangu, nami ulijua habari yangu, mbona hukunifisha mdogo? Mwalimu akanyamaza. Al-Ash'ari aliiacha njia ya mwalimu wake, na madhehebu yake katika itikadi ndiyo yaliyoenea baadaye sehemu kubwa ya ulimwengu wa Kiislamu, pamoja na pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Al-Ash'ari hakusema kuwa Allah ni dhalimu, audhu billah. Alisema kuwa mizani yetu ndogo haiwezi kumpimia Yeye, wala hakuna kitu kilicho wajibu juu Yake. Mwenzake wa Samarkand, Abu Mansur al-Maturidi, aliyefariki 333 (944), alikazia upande mwingine, kuwa hakuna linalotokea bila hikma, hata kama hatuioni.

Tazameni sasa jinsi kisa hiki kilivyo karibu nasi. Mara ngapi tumekwenda kwenye matanga ya mtoto tukamwambia mama yake: "Huenda angekua angekuwa mwizi, Allah amekuepusha"? Tunadhani tunafariji. Kumbe tunarudia jibu la al-Jubba'i, ambalo mwanafunzi wake alilivunja zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Na mama anaweza kutujibu: mbona waliomuua wamekua?

Tetemeko la Lisbon na vitabu vya Wazungu

Wanafunzi wetu wanaosoma sekondari na vyuo vya Mbarara wanakutana na swali hili kwa jina la "tatizo la uovu", na wengine wanadhani ni silaha mpya iliyotengenezwa Ulaya. Si mpya. Wagiriki waliliuliza kabla ya Masihi, na huhusishwa na Epicurus. Ama katika Uislamu, Imam al-Ghazali, aliyefariki 505 Hijria (1111), aliandika katika Ihya kwa maana ya kwamba katika yanayowezekana hakuna kilicho bora zaidi ya kilichopo. Wanazuoni walijadiliana juu ya kauli hiyo kwa karne nyingi, wengine wakihofu kuwa inaupa mpaka uwezo wa Allah. Mwaka 1710 mwanafalsafa wa Kijerumani Leibniz akatoa kitabu chenye hoja ya kufanana nayo, kuwa ulimwengu huu ni bora kati ya yote yaliyowezekana.

Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya sikukuu ya Wakristo, makanisa yakiwa yamejaa, tetemeko kubwa likaupiga mji wa Lisbon, Ureno, likafuatiwa na mawimbi ya bahari na moto. Maelfu kwa maelfu walikufa, na miji ya Waislamu ya Morocco nayo ikaharibiwa. Mwaka 1759 Mfaransa Voltaire akaandika hadithi ya kumdhihaki kila anayesema kuwa yote ni kwa ubora.

Mwaka 1955 Mwaustralia J. L. Mackie alidai kwamba mambo matatu hayawezi kukaa pamoja: Mungu ni muweza wa yote, Mungu ni mwema kabisa, na uovu upo. Mmarekani Alvin Plantinga akamjibu mwaka 1974 kuwa yanaweza. Kiumbe aliyepewa hiari ya kweli hawezi kulazimishwa kuchagua kheri kila mara, na huenda hiari hiyo ina thamani inayostahili kuwepo. Wengi wa wanafalsafa, hata wasioamini, walikubali kuwa Plantinga ameonyesha kwamba hakuna mgongano wa lazima. Ndipo mwaka 1979 mwenzao William Rowe akaliuliza kwa njia nyingine. Alileta mfano wa mtoto wa paa aliyeungua katika moto wa msituni, akateseka siku kadhaa peke yake, pasipo mtu wa kumuona wala kujifunza lolote. Akauliza: mateso kama hayo yanazaa kheri gani?

Mwaka huo huo wa 1979, Rowe akiandika juu ya mtoto wa paa, watoto wa binadamu walikuwa wanakimbizwa migombani kule Bushenyi. Hakuna mwanafalsafa aliyeandika habari zao. Hatusemi hivi kwa kejeli. Tunasema ili wanafunzi wajue kuwa swali hili halikuhamia kwetu kutoka chuo kikuu cha mtu. Tumelala nalo.

Sisi ni Musa, si Khidhr

Waumini wengi humjibu Rowe kuwa kutoiona hikma si dalili kuwa haipo. Nasi Waislamu tunakimbilia kisa cha Nabii Musa (A.S.) na mja mwema anayejulikana kwa jina la Khidhr, katika Sura Al-Kahf. Jahazi la masikini linatobolewa, kijana anauawa, ukuta wa mayatima unajengwa bila ujira, na mwisho sababu zinaelezwa.

Ni jibu zuri, lakini tumelitumia vibaya. Tumekuwa tukisimama mbele ya wafiwa kana kwamba sisi ni Khidhr, tukiwaeleza sababu za misiba yao. Nani alitupa elimu hiyo? Khidhr mwenyewe alisema hakufanya kwa amri yake. Sisi katika kisa kile ni Musa, na Musa alifanya nini? Alipinga. Kila alipoona linaloonekana dhulma alisema, ingawa alikuwa ameahidi kunyamaza. Allah hakumvua utume kwa sababu hiyo. Na tazameni tena: katika kisa chote, hatuambiwi kuwa wazazi wa kijana yule walielezwa sababu. Aliyeelezwa ni Musa. Wazazi walilia bila kujua, na hakuna aliyewaita wenye imani dhaifu.

Mtume wetu (S.A.W.) naye alitufundisha adabu hii. Mwaka wa 10 Hijria (632) alifiwa na mwanawe Ibrahim, akiwa bado ananyonya. Akalia mbele za watu, akaeleza kuwa machozi ni rehma. Siku ile jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Angetaka kufarijika kwa uzushi, fursa ndiyo hiyo. Lakini akasimama akawaambia kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Alikataa msiba wake upewe maana isiyo ya kweli. Je, sisi tunathubutu vipi kuzipa misiba ya wengine maana tunazozibuni njiani tukielekea matangani?

Jibu tulilompelekea binti

Baada ya kuyasoma haya tulikwenda nyumbani kwa yule mama, tukamuomba radhi yeye na mjukuu wake. Hatukwenda na jibu la kila kitu. Tulimwambia binti mambo manne.

La kwanza, kwamba naam, Allah alikuwa anaona, na kwamba hakuridhia. Kuna tofauti kati ya jambo Allah analoliacha litokee na jambo analolipenda. Dhulma ameiharamisha juu ya nafsi yake na akaiharamisha kati ya waja wake.

La pili, kwamba waliofanya vile walichagua. Siku zile zile, katika nchi zile zile, wako waliochagua vingine. Rwanda mwaka 1994 wako Waislamu wengi, wa Nyamirambo mjini Kigali na kwingineko, waliowaficha majirani zao kwa kuhatarisha roho zao. Wako pia wenye majina ya Kiislamu walioshiriki mauaji, hatulifichi hilo. Hiari ni ya kweli ndiyo maana hesabu nayo ni ya kweli.

La tatu, kwamba kwa nini Allah hakuzuia siku ile, hatujui, na hatutabuni. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na uchungu wake anaujua yeye. Nabii Yaaqub (A.S.) alilia mpaka macho yake yakapofuka kwa huzuni, na Qur'an imemsifu kwa subira nzuri. Kwa hiyo machozi na subira vinakaa nyumba moja.

La nne tukamuuliza kama amehifadhi Sura At-Takwir. Akasema ndiyo, ameihifadhi tangu Kongo. Tukamuomba asome. Alipofika kwenye aya ya nane na ya tisa, zinazomtaja mtoto wa kike aliyezikwa hai, kuwa Siku ya Kiyama ataulizwa aliuawa kwa kosa gani, tukamwambia asimame hapo. Tukamwambia: "Mwanangu, umeona? Swali lako limo ndani ya Qur'an. Siku hiyo mtoto aliyeuawa hataambiwa anyamaze. Yeye ndiye atakayepewa nafasi ya kusema, na aliyemuua atasikiliza."

Binti alikaa kimya kitambo, kisha akauliza: "Na mdogo wangu pia ataulizwa?" Tukamwambia inshaallah na yeye pia. Akarudia kuisoma sura ile tangu mwanzo.

Neno kwa wazazi

Ndugu wazazi, falsafa inaweza kuonyesha kuwa imani haipingani na akili, na hilo si dogo. Wanafunzi wetu wazisome hoja hizi bila woga, za al-Ash'ari na za Mackie, za al-Ghazali na za Rowe. Lakini mtoto aliyeona anahitaji mambo mengine kabla ya hoja. Tunawaomba mambo machache.

Mtoto akiuliza, msimkemee. Muulizeni kwanza ameona nini. Kama hamjui jibu, semeni "Allahu a'alam", kwani imamu mkubwa Malik ibn Anas alijulikana kwa kusema "sijui" bila haya. Msimwambie mfiwa sababu ya msiba wake. Msimsemee dhalimu kwa jina la qadar, hata akiwa ni wa kabila lenu au wa dini yenu. Na pale uovu unapoweza kuzuiwa kwa mkono wenu, zuieni, maana huenda nyinyi ndio qadar ya pili, ile aliyoielekea Omar. Mgeni anayeshuka leo Kabazana akikukuta na uji wa moto na mkeka, umekuwa sehemu ya jibu ambalo sisi hatukuweza kulitamka.

Binti alirudi darsani Jumamosi iliyofuata. Anakaa mbele, na bado anauliza maswali magumu. Alhamdulillah.

Tunamuomba Allah awarehemu waliouawa katika nchi zetu zote, awape subira waliobaki, awaongoze waliodhulumu kwenye toba kabla ya siku ya hesabu, na atujaalie kuwa watu ambao mtoto hatoogopa kuwauliza. Amin.

Wabillahi tawfiq.